Mtaalamu wa Rimu

Kaka yangu alinitumia makala kwenye WhatsApp saa tano na nusu usiku. Chini yake akaandika: "Soma hii, msomi. Wataalamu washasema."

Nilikuwa nimelala chali gizani, nikisubiri usingizi ambao siku hizi huja ukijisikia. Nikafungua. Sentensi ya kwanza niliitambua kabla sijaimaliza, kama unavyotambua kikohozi cha mtu wa kwenu ukikisikia nje ya lango. Makala ilikuwa ya Kiingereza, maneno mia nane hivi, na ilieleza kwa utulivu mkubwa kwamba rimu za aloi zilizopigwa kromu ni salama kabisa kwa gari linalokimbizwa uwanjani. Juu yake kulikuwa na picha ya gurudumu linalong'aa hadi unaona mawingu ndani. Jina la mwandishi halikuwepo.

Mwandishi ni mimi.

Ngoja nirudi nyuma. Niliacha chuo mwaka wa tatu. Uhandisi wa mitambo. Nikiulizwa huwa nasema "nimepumzika kidogo", lakini ukweli ni kwamba karo ilinishinda, biashara ya mitumba ya mathe ikayumba mwaka huo huo, na barua niliyoandika ya kuomba kuahirisha masomo haijajibiwa hadi leo. Sikufeli, sikufukuzwa. Nilikosa tu kurudi.

Nilichobaki nacho ni Kiingereza kizuri na laptopu ambayo betri yake haishiki. Nikaanza kuandikia watu wa ng'ambo. Kazi yenyewe iko hivi: mteja anakupa kichwa cha makala, idadi ya maneno, na jibu. Ndiyo, jibu pia. Nimeandika kuhusu magodoro ambayo sijawahi kuyalalia, chakula cha mbwa wanaokula vizuri kuliko mimi, na mawakili wa talaka katika majimbo ya Marekani ambayo siwezi kukuonyesha kwenye ramani. Dola nane kwa makala. Ukigeuza shilingi unapata elfu moja na kitu. Makala mbili kwa siku, keja inalipwa.

Mteja wa rimu alitaka makala kumi, na hii ilikuwa ya saba. Maagizo yalikuwa mstari mmoja: swali ni kama rimu za kromu zinafaa kwa mbio, jibu ni ndiyo, kwa sababu tunaziuza. Niliandika kwa saa tatu. Nikaipamba kwa maneno mazito niliyoyabeba kutoka darasani, yale yanayomfanya msomaji akae wima, nikatuma, nikashuka chini kununua chapo madondo.

Kama ningekuwa sijui, hadithi hii ingekuwa fupi. Lakini nilikuwa najua.

Mwaka wa pili tulikuwa na somo la metali na tabia zake. Siku moja mhadhiri aliingia bila karatasi yoyote, akatoa mfukoni kibanio cha karatasi, akakikunjua, akakikunja, akakikunjua tena, anatuangalia tu. Baada ya muda kikakatika mkononi mwake. Hakukivuta kwa nguvu. Alikirudia tu hadi kikachoka, na hata kwa Kiswahili neno la kitaalamu ni hilo hilo, uchovu. Halafu akachora mistari miwili ubaoni. Mstari wa chuma ulishuka, kisha ukalala. Maana yake, ukikaa chini ya mzigo fulani, chuma cha kawaida unaweza kukipinda na kukipindua mamilioni ya mara kisikatike. Mstari wa alumini ulishuka, ukaendelea kushuka polepole, haukulala. Kila mpindo unaingia kwenye hesabu.

Rimu ya aloi ni alumini. Gari likikata kona, mkono wa rimu unavutwa huku. Gurudumu likizunguka nusu, mkono ule ule unasukumwa kule. Kwa tairi la gari dogo la kawaida hiyo ni karibu mara mia tano kila kilomita. Ukiwa unaenda Thika kumwona shosho hakuna neno, mizigo hiyo ni midogo na aliyetengeneza rimu aliipigia hesabu. Kuna mitihani yake: rimu inazungushwa huku inapindwa, inabanwa kwenye ngoma inayozunguka, inaangushiwa uzito. Nyingi za Kijapani utaziona zimechorwa herufi JWL mgongoni, na zile zilizothibitishwa na mkaguzi wa nje zina VIA pia. Uwanjani mambo ni mengine. Kila kona unaingia kwa nguvu zote, breki zinapikwa hadi joto lake linaingia kwenye rimu, na ukikosea kidogo unapanda ukingo wa lami.

Hayo yote yalikuwa kichwani mwangu nikiandika makala ya saba. Sikuweka hata moja. Baadaye nilihesabu: neno "imara" lilitokea mara sita.

Sasa, kaka. Ananizidi miaka sita. Alimaliza kidato cha nne akaenda moja kwa moja Luthuli Avenue kuuza kava za simu, na kava hizo ndizo zilizolipa karo yangu ya mwaka wa kwanza. Alianza kuniita "msomi" siku niliyopata barua ya kujiunga na chuo, kwa utani na kwa fahari, na nilipoacha hakuacha kuniita. Sijui kama ni kwa huruma au ni mazoea tu. Nikiwa nyumbani Umoja na kitu kikiharibika, pasi, redio, mita ya stima, yeye humwambia mathe, "Ngoja msomi aangalie."

Alinunua Subaru Impreza baada ya kuweka akiba miaka minne. Ukiishi Nairobi unajua watu wa Subaru, au walau umewahi kuamshwa nao saa nane usiku. Kwetu ugonjwa huo ulianzia kwa baba, aliyekuwa na picha ya Patrick Njiru iliyokatwa gazetini na kubandikwa ndani ya mlango wa kabati la nguo, Subaru na tope na wanakijiji wamesimama karibu mno na barabara. Baba hakuwahi kumiliki gari. Kaka alipoleta Impreza mara ya kwanza, mathe alitoka nje, akaizunguka, akaigusa bati, akarudi ndani bila kusema kitu. Chai ya siku hiyo ilikuwa na maziwa mengi kuliko kawaida.

Rimu alizipata Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Inchi 17, mashimo matano kwenye duara la milimita 100, yaani zinaingia Subaru yake moja kwa moja bila adapta. Elfu arobaini na tano zote nne. Muuzaji alisema zilitoka Japani kwenye kontena, zikapigwa kromu upya hapa Nairobi. Zilikuwa zinang'aa, manze, hata mimi nilinyamaza. Ukichuchumaa unaona uso wako umevutwa kama kwenye kijiko.

Kwa hivyo usiku ule aliponitumia makala, hakuwa ananiuliza. Alikuwa amejiandikisha kukimbia dhidi ya saa kwenye uwanja mmoja huko Athi River, wiki tatu mbele, na mtu alikuwa amemwambia asiende na kromu. Alikuwa anatafuta jibu la kumfunga huyo mtu mdomo. Akalipata. Nilikuwa nimemwandikia.

Nilijibu: "Sawa."

Hiyo "sawa" ilinikaa shingoni siku mbili. Siku ya tatu nikamwambia nataka kwenda kuona rimu zinavyopigwa kromu, nina kazi ya kuandika. Uongo tena, lakini huu angalau ulinitoa nyumbani. Nikaenda Industrial Area peke yangu.

Mzee niliyemkuta alikuwa amefanya kazi hiyo tangu miaka ya themanini. Alinikalisha kwenye mtungi uliopinduliwa, akaendelea na kazi, ananieleza bila kuniangalia. Watu husema "kupaka kromu" lakini hakuna brashi. Kwanza rimu inavuliwa rangi yote. Halafu inapigwa msasa na kung'arishwa, na hapo metali yenyewe inaliwa kidogo, kila mara inaporudiwa. Halafu asidi. Halafu zinki kidogo, kwa sababu alumini haishiki hivi hivi. Halafu shaba, halafu nikeli, na mwisho kabisa kromu, zote kwa umeme ndani ya tangi.

"Kinachong'aa ni nikeli," akasema. "Kromu ni kile kifuniko tu cha kuizuia isififie. Nyembamba sana, kijana wangu. Huwezi kuipima na kitu chochote ulicho nacho."

Nilikuwa najua hilo, kromu ya urembo huwa haifiki hata elfu moja ya milimita, lakini kulisikia kutoka kwa mtu ambaye mikono yake ina makovu ya kazi hiyo ni kitu kingine. Nikamuuliza kuhusu nguvu. Je, rimu inaongezeka nguvu ikipigwa?

Akacheka. "Inaongezeka bei."

Nikauliza kuhusu nyufa. Hapo akazima mashine. Akaniambia, bila aibu na bila majivuno pia, jinsi ambavyo rimu iliyopasuka hutengenezwa. Inachomelewa. Mahali palipochomelewa panasagwa. Shaba inajaza vishimo. Ndiyo kazi ya shaba, kujaza. Nikeli inasawazisha. Kromu inafunika. "Ikitoka hapo hata mimi niliyeichomelea sipaoni. Mwenyewe anajua, nimemwambia, hii ni ya kwenda nayo kanisani polepole. Lakini yeye akiiuza, je? Huyo wa pili nani atamwambia?"

Hilo ndilo nililoondoka nalo, zaidi ya sayansi yote. Sayansi ipo, nitaisema haraka haraka. Nikeli na kromu ni ngumu kuliko alumini iliyo chini yake, hazipindi kama yenyewe inavyopinda, kwa hivyo safu ya juu inaweza kupasuka kwanza, na mpasuko mdogo wa juu unaupa ufa mkubwa mahali pa kuanzia. Maji yakiingia chini ya kromu iliyobanduka, alumini inaliwa kimya kimya. Na kromu ikiingia kwenye vile vikombe ambamo nati hukaa, inaweza kumeguka na kuacha nati imelegea ilhali wewe unajua ulikaza. Nati zenyewe na bolti ni hadithi nyingine: asidi na umeme huzalisha hidrojeni, hidrojeni hupenya ndani ya chuma kigumu, na chuma hicho huweza kukatika ghafla siku usiyoitarajia. Dawa yake ni kukioka chuma kwenye oveni saa kadhaa mara tu kinapotoka tangini. Nilimuuliza mzee kama wanaoka. "Oveni?" akaangalia huku na huku, kama mtu anayetafuta paka. "Hapa?"

Si kwamba kromu ni shetani. Rimu mpya iliyopigwa kromu na kiwanda kinachojua kinachofanya, ikiwa na alama zake, na wewe unaenda nayo kazini na sherehe za wikendi, mimi sina neno. Magari mangapi makubwa ya Marekani yametoka kiwandani nazo. Shida ni ile ambayo imeshaishi maisha mengine, huijui historia yake, halafu mtu akaivalisha kioo. Watu wengi wa mbio hupenda rimu zao zikae na rangi ya kawaida tu, hata chafu, kwa sababu wakiziosha wanataka kuona mstari mwembamba mweusi ukianza kabla haujafika mbali. Rimu ya kromu ukiiangalia unajiona wewe.

Nilipokuwa naaga, mzee aliniuliza kama nje kunanukia. Kulikuwa na mtu anachoma mahindi hapo karibu. Nikamwambia ndiyo, mahindi. Akaitikia kwa kichwa. "Mimi siskii harufu tangu zamani. Hii kitu ilikula pua." Alisema hivyo kama mtu anayekwambia basi lake limechelewa. Kromu ikiwa bado ndani ya tangi, kwenye umbo linaloitwa kromu sita, mvuke wake unajulikana kula ukuta wa kati wa pua, na unajulikana kuleta saratani ya mapafu. Kwenye makala yangu ya saba nilikuwa nimeandika kwamba kromu ni "safi na rahisi kutunza".

Jumamosi iliyofuata nilimkuta kaka kwa mtu wa tairi hapo Umoja, amekaa kwenye benchi, ana hasira. Gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa linapoteza upepo. Si pancha ya kushtua, ni ile ya kila baada ya siku tatu unajaza. Mara ya kwanza yule jamaa wa tairi alilitoa, akaonyesha mahali kromu ilikuwa inabanduka kwenye mdomo wa rimu ambapo tairi hukaa. Jambo la kawaida sana kwa rimu za kromu, tairi halikai vizuri juu ya magamba. Akakwangua, akapaka gundi yake, akarudisha. Siku tatu baadaye, upepo chini tena.

Sasa wakalitoa mara ya pili. Nilikaa kando yake kwenye benchi. Nilikuwa nimejiandaa kuanza mbali, kuzungumza kuhusu mzee na shaba na nikeli, nifike polepole. Badala yake nikasema tu:

"Ile makala uliyonitumia. Niliandika mimi."

Akacheka. "Enda huko."

"Niliandika mimi, bro. Nililipwa."

Akanigeukia. Akaona ni kweli. Ananijua uso tangu nikiwa na meno mawili. Akanyamaza muda mrefu, huku jamaa wa tairi anajaza maji kwenye karai.

"Ulilipwa ngapi?"

"Dola nane."

Akapiga hesabu. Ni mtu wa Luthuli, hesabu zake hazikawii. "Elfu moja."

"Na kitu."

"Na kitu," akarudia. "Sasa mimi ni soo kumi na kitu."

Sikuwa na la kusema. Nilitaka kumwambia kwamba sikujua ataisoma, lakini hata kichwani mwangu sentensi hiyo ilinuka. Mtu fulani angeisoma. Ndiyo maana iliandikwa. Nilikuwa nimewaza kila mara kwamba wasomaji wangu ni watu wa huko mbali, wenye magari ya mbali na bima za mbali, watu wasio na ndugu.

"Unajua nimeituma wapi?" akasema. "Kwa grupu. Grupu ya watu mia mbili wa Subaru. Kuna yule mzee alikuwa ananiambia nitoe hizi rimu, nikamtumia hiyo, nikamwambia buda, soma. Akanyamaza. Mia mbili, msomi."

Ile "msomi" ilitoka vingine siku hiyo.

Jamaa wa tairi akatuita. Alikuwa amejaza upepo na kulaza gurudumu zima ndani ya karai, analizungusha polepole. Kwenye mdomo, pale alipopaka gundi, hakukuwa na kitu. Akalizungusha zaidi. Mapovu yalikuwa yanatokea kwenye rimu yenyewe, upande wa ndani, nyuma ya mkono mmoja, mahali ambapo gari likiwa limesimama huwezi kupaona hata ukilala chini. Madogo, yamefuatana kama ushanga. Jamaa akakausha kwa kitambaa, akachukua kisu, akakwangua kromu. Ilitoka kwa magamba, na chini yake ikatokea rangi ya shaba, na chini ya shaba kulikuwa na mshono wa kuchomelea, umesagwa vizuri kabisa, kazi ya mtu anayejua. Pembeni ya mshono ndipo ufa ulipokuwa. Urefu wa njiti ya kibiriti hivi. Mshono ulikuwa mzima. Alumini iliyo kando yake ndiyo iliyofunguka, na hilo nalo lilikuwa kwenye lile somo: joto la kuchomelea huidhoofisha alumini iliyotibiwa, hapo pembeni pembeni.

Kaka aliweka kidole juu ya ufa. Akakisogeza huku na huku. Hakusema kitu. Nadhani alikuwa anawaza ile barabara ya kutoka kazini usiku, mia na ishirini, madirisha yamefunguliwa. Mimi nilikuwa nawaza mlango wa kabati la baba.

Alirudi Kirinyaga Road na rimu mkononi. Muuzaji alimwambia alivyotarajia kuambiwa, kwamba iliondoka nzima. Hiyo nairuka, kila mtu aliyewahi kununua kitu pale anaijua.

Mimi nilimwandikia mteja. Nilikaa na barua pepe hiyo usiku kucha kuliko nilivyowahi kukaa na makala yoyote. Nikaeleza kwamba makala ya saba ina makosa yanayoweza kumuumiza mtu, kwamba nitaiandika upya bure, kwamba hatuhitaji hata kusema rimu za kromu ni mbaya, inatosha kusema mpya na ya barabarani ni kitu kimoja, ya zamani iliyopigwa upya na kupelekwa uwanjani ni kingine. Nilipendekeza hata kichwa. Jibu lilikuja siku nne baadaye. Mistari miwili. Asante kwa maoni. Makala hiyo inafanya vizuri sana, tafadhali endelea na ya kumi na moja.

Niliendelea na ya kumi na moja. Ilikuwa kuhusu sabuni ya kuoshea rimu. Kama unasoma haya ukitarajia niseme nilikataa, keja haikatai. Nilichofanya ni kuanza kukataa vile vichwa ambavyo jibu lake linaweza kumvunja mtu mguu, na ni vichwa vingi kuliko unavyodhani. Dawa za usingizi. Viti vya watoto vya gari. Mapato yangu yameshuka na sijui nitafika wapi hivi.

Siku ya Athi River nilienda. Kaka aliniambia njoo, na hakuniita msomi wala jina lingine lolote. Alikuwa amekopa rimu nne nyeusi kutoka kwa yule yule mzee wa kwenye grupu, aliyemwambia tangu mwanzo atoe kromu. Zilikuwa na mikwaruzo, moja imeguguniwa na ukingo wa barabara, lakini herufi zake zipo mgongoni na mzee alikuwa nazo tangu zikiwa mpya. Alikuwa amezileta mwenyewe, ameziosha. Nilimwamkia. Sikumwambia mimi ni nani.

Wakaguzi walipita kila gari. Wakaangalia kofia, mkanda, betri imefungwa vizuri, wakashika magurudumu kwa mikono miwili wakayatikisa. Hakuna aliyechungulia nyuma ya rimu, na siwalaumu, magari yalikuwa mengi na jua lilikuwa limeanza kuuma. Mbele yetu kulikuwa na jamaa mwenye rimu za kromu, nzuri sana. Nilizitazama muda mrefu. Huwezi kujua. Hilo ndilo tatizo lake lote, huwezi kujua. Nikaenda nikamuuliza alizipata wapi na kama zimewahi kupigwa upya. Akaniangalia kama nimemuuliza mke wake alisomea wapi. Akasema ni mpya. Nikamwambia sawa, ziko poa.

Kaka akanipa spana ya kupimia, ile inayolia *tik* ukifika nguvu uliyoiweka. "Kaza wewe," akasema.

Nikaweka mia moja. Nikakaza kwa kuvuka, hii halafu ile ya mbali, si kwa kuzunguka. Nati ishirini. Nikarudia zote. Alisimama nyuma yangu muda wote, kofia kwapani, na aliposikia *tik* ya mwisho akaingia ndani ya gari akafunga mlango.

Alipotoka kwenda mstarini alinitupia simu yake nimshikie. Ilikuwa inatetemeka. Nikaangalia, kwa sababu ni mdogo wake na hiyo ndiyo tabia yetu. Alikuwa ametuma kwenye grupu picha ya ufa, kidole chake kando yake kwa kipimo, na maneno matatu: "Angalieni rimu zenu." Majibu yalikuwa yanaingia. Pole bro. Wewe ni mwenye bahati. Hii ni ya nani?

Halafu mtu nisiyemjua, nambari tu bila jina, akabandika makala ya saba. Akaandika chini yake kwamba tusitishane bure, wataalamu wameeleza hapa vizuri.

Uwanjani bendera ikashuka. Nikaanza kuandika jibu kwa simu ya kaka.